Chumvi Ikiganda Ndani ya Vali

Ukimwambia mtu kuna chumvi inayotiririka kwenye bomba ikiwa na nyuzijoto 565, ataogopa kuungua. Ana haki. Ila sisi wa pampu na vali tunaogopa zaidi inapopoa, na kupoa kwenyewe ni kwa nyuzi 220, moto ambao hata karai la maandazi halifiki.

Si chumvi ya mezani. Ni nitrati ya sodiamu asilimia 60 na ya potasiamu asilimia 40, jamii ya chumvi za mbolea. Kwenye mtambo wa umeme wa jua kama Noor III wa Ouarzazate, Moroko, wenye megawati 150, maelfu ya vioo huelekeza jua kwenye mnara. Chumvi hupanda na nyuzi 290, hushuka na 565, kisha hukaa tangini ikisubiri kuchemsha maji ya turbaini, hata usiku. Ikishuka chini ya 240 huanza kuganda. Ikifika 220 ni jiwe.

Pampu huning'inizwa juu ya tangi: mota nje, mapanga ya kusukuma chumvi chini kabisa. Shafti ya mita 12 hurefuka zaidi ya sentimita 10 ikitoka kwenye baridi ya karakana hadi joto la kazi. Bomba linaloizunguka nalo hurefuka, lakini si lazima viende sambamba, na hapo ndipo beringi husagika. Jaribio la kiwandani kwa maji halitakuonyesha hayo. Tena lita moja ya chumvi hiyo ina uzito wa kilo 1.7 hadi 1.9, kwa hiyo mota hubeba karibu mara mbili ya mzigo wa maji.

Vali ndiyo korofi zaidi. Shina lake, fimbo inayoifungua na kuifunga, linapotokea nje huzibwa kwa pakingi, pete za kuzuia uvujaji, na mafundi wengi wamezoea za grafiti, kaboni ile ya penseli. Nitrati hutoa oksijeni, hivyo kwenye joto kali grafiti huliwa polepole mpaka chumvi inavuja. Basi unarefusha shingo ya vali ili pakingi ikae mbali na moto. Sasa chumvi iliyopenya inaganda shingoni, na mota ikilazimisha shina, kitu kinakatika. Ukizungushia shina kifuko cha chuma chenye mikunjo ili kuzuia uvujaji, chumvi ikiganda kwenye mikunjo nacho hupasuka.

Ndiyo maana Maabara ya Sandia, huko Albuquerque, Marekani, ilizungusha chumvi yenyewe kwenye pampu na vali kubwa tangu miaka ya 1980, kabla ya mtambo wa majaribio wa Solar Two kuanza kazi California mwaka 1996. Kwa maoni yangu, saa elfu za kuzunguka bila kusimama hazinipi imani kama kuwasha na kuzima mara mia.

Hata kuyeyusha kuna adabu yake. Chumvi ikiyeyuka hutanuka. Ukipasha katikati ya bomba huku ncha zote zimeganda, bomba hupasuka. Unaanza penye upenyo wa kutokea.

Jaribio ninalolipenda ni la kukata umeme ghafla. Vali ya kumwaga inatakiwa ifunguke yenyewe kwa springi, na chumvi iteremke tangini kwa mwinamo wa bomba. Tunasimama na saa mkononi, tukitazama vipimajoto vya bomba vikishuka.