Diski kuwa slo kwa XP haimaanishi imekufa

Hapa Nairobi, kuanzia Luthuli mpaka mtaani, bado naskia watu wakiambiwa kompyuta ya Windows XP ikianza kukokota ghafla basi ni virusi ama hadi diski imekufa, leta pesa tufomati. Tulieni kwanza. XP iko na sheria ndani ya draiva ya diski, atapi.sys, makosa ya kusafirisha data yakifika 6 kwa jumla draiva inashusha modi ya kusafirisha data hatua kwa hatua kutoka UDMA (ile ya kasi, data inapita bila kusumbua prosesa) mpaka PIO (ile ya polepole), na hapo prosesa ndo inabeba data yenyewe so hata mausi inakwamakwama. Njia iliyokuwa inapitisha hadi MB 100 kwa sekunde inabaki na 16.7 hivi! Na ukirestati haibadiliki, hiyo modi imeshahifadhiwa, ndo maana watu wanaona ni kifo.

Ondoa ile chaneli ya IDE (njia diski inaunganishwa nayo kwa kompyuta) kwa orodha ya vifaa vya Windows (Device Manager), restati, itatambuliwa upya. Ikirudi PIO tena cheki kebo, inafaa iwe ya nyaya 80, please msitupe diski iko na picha za familia sababu ya kebo tu. Ila ukiskia diski yenyewe inagongagonga, hapo kopi data yako haraka.