Safari yetu moja, na jinsi Kiingereza kinavyoikata vipande

Mpwa wangu anajiandaa na mtihani wa IELTS, ule wa Kiingereza unaodaiwa na vyuo vingi vya nje. Sehemu ya kuongea huchukua dakika 11 hadi 14. Katikati yake mtahini anakupa kadi yenye mada, unapewa dakika moja ya kujipanga, kisha unaongea peke yako kwa dakika moja hadi mbili. Mada ya safari hupenda kujitokeza kwenye kadi hizo. Basi Jumapili moja, chai iko mezani, nikajifanya mtahini: nisimulie safari ambayo huisahau. Binti akakaa sawasawa, akaanza: “I had a safari to Mbeya…”

“Simba uliwaona wangapi?” nikamkatiza.

“Mjomba! Mimi nilikwenda harusini.”

Neno “safari” ni letu, nasi tulilipata kutoka Kiarabu. Waingereza walilichukua kwetu katika karne ya 19, enzi za misafara ya kwenda bara, na huko kwao likasinyaa. Zamani lilikuwa kwenda kuwinda wanyama pori, siku hizi ni kwenda kuwatazama na kuwapiga picha. Ukimwambia Mwingereza una “safari” ya Mbeya, anaona gari lililofunguliwa paa na twiga wanakula majani. Haoni basi, begi la vitenge na shangazi anayepiga simu kila saa kuuliza mmefika wapi.

Kwetu neno hilo limenenepa badala ya kukonda. Kwenda Kariakoo na kurudi ni safari, kwenda Uturuki kuleta mzigo ni safari, hija ni safari, na hata mtu akikutishia “safari hii hunipati” hakuna anayesafiri popote. Kiingereza hakina neno moja linalobeba yote hayo. Kabla hujafungua mdomo kinakutaka uamue: unasimulia mwendo, au kwenda pamoja na yote uliyoyafanya huko mpaka ukarudi? Ulipita majini? Au huzungumzii safari yoyote maalumu, unazungumzia kusafiri tu? Anayejua kujibu maswali hayo kichwani amemaliza nusu ya kazi.

Neno litakalokufaa mara nyingi zaidi ni “trip”. Ni kwenda mahali kwa shughuli fulani, ukakaa kidogo, ukarudi. Ya kikazi ni “business trip”, ya wanafunzi ni “school trip”, na kitenzi chake ni “go on”: “I went on a trip to Mbeya.” Kurudi kumo ndani ya neno lenyewe. Aliyehama moja kwa moja hakwenda “trip”.

“Journey” ni ule mwendo, kutoka mlango huu hadi mlango ule. Limetoka Kifaransa, kwenye neno la siku nzima, maana yake ya kale ikiwa ni umbali ambao mtu anaweza kuutembea kwa siku moja. Wazee wetu nao walipima hivyohivyo waliposema kijiji fulani ni mwendo wa siku tatu. Ukitaka kuona tofauti ya maneno haya mawili, chukua sentensi ambayo kila mmoja wetu ameshaisema: safari ilikuwa nzuri, ila njia ilituchosha. Kwa Kiingereza: “The trip was good, but the journey was exhausting.” Tofauti hiyo basi tunayo, tumeiweka tu kwenye neno “njia”.

“Travel” ndilo linalowaponza watu wengi. Ni kitenzi, kusafiri, na likiwa jina ni usafiri au kusafiri kwa jumla, kitu kisichohesabika. Huwezi kusema “a travel”, kama ambavyo huwezi kusema usafiri mmoja, usafiri miwili. “My travel to Nairobi was good” inasikika, na atakuelewa mtu, lakini hapo sema “trip”. Vivyo hivyo “luggage”: mizigo ikiwa mmoja au ishirini ni “luggage” ileile, haichukui “s”. Ukitaka kuhesabu, hesabu mabegi.

Mengine nitayapitia haraka. “Voyage” ni safari ndefu ya majini au ya anga za juu. Meli ya Titanic ilizama mwaka 1912 ikiwa kwenye “maiden voyage”, yaani safari yake ya kwanza. Boti ya Dar hadi Unguja haistahili jina kubwa hivyo, ni “ferry ride” au “crossing”. “Tour” ni kuzunguka sehemu kadhaa. Kwenda kazini na kurudi kila siku, Mbagala hadi Posta, ni “commute”, neno lililotokana na tiketi za punguzo ambazo reli za Marekani ziliwauzia abiria wa kila siku katika karne ya 19. Na lifti, ambayo tumeshaifanya ya kwetu, ni “lift” kwa Uingereza na “ride” kwa Marekani.

Sasa tuje kwenye kusimulia, maana hapo kosa halitokani na msamiati, linatokana na “-me-” na “-li-”.

Swali la kwanza utakaloulizwa ni “Have you ever been to…?” Hilo ni “umewahi kufika…?” wala si zaidi. Cha ajabu ni hilo “been”, ambalo halifanani kabisa na kitenzi cha kwenda. Linganisha: “She has gone to Zanzibar”, amekwenda na bado yuko huko, usimtafute hapa. “She has been to Zanzibar”, amewahi kufika na amesharudi, huenda ndiye huyo anayekumiminia chai. Sisi tunasema “amekwenda Unguja” na kuachia mazingira yaeleze kama yupo au hayupo. Kiingereza hakikuachii.

Halafu ukitaja lini, funga “have” kabatini. “I have been to Mombasa in 2015” ni kosa. Sema “I went to Mombasa in 2015.” Kwa Kiswahili sanifu ni vilevile: nimewahi kufika Mombasa, nilikwenda mwaka 2015. Tatizo ni kwamba mitaani tumezoea kusema “nimefika jana”, na hakuna anayeshtuka. Mtu akiichukua hiyo jinsi ilivyo, anapata “I have arrived yesterday”, na hapo Mwingereza lazima akunje uso kidogo. Kwa hiyo mazungumzo ya safari hufunguliwa kwa “umewahi”, na yakishafunguliwa yanaendeshwa kwa “-li-” mpaka mwisho.

Neno “experience” lenyewe lina sura mbili. Likiwa peke yake ni uzoefu, ule unaoandikwa kwenye wasifu wa kuombea kazi. Likitanguliwa na “a” au “an”, au likiwa na “s”, ni jambo lililokupata. “I had a bad experience at the border” haina uhusiano na uzoefu wowote. Ni yaliyokukuta mpakani.

Kwenye matatizo ya njiani ndipo ninapostarehe zaidi, kwa sababu hapo lugha zote mbili zinanukia maji ya chumvi. “Arrive”, kufika, lina asili ya Kilatini yenye maana ya kugusa ukingo wa maji, kama chombo kinachotia nanga. “Stranded”, kukwama njiani usijue la kufanya, limetoka kwenye “strand”, neno la zamani la ufuko. Lilikuwa la chombo kilichopanda mchangani. Mtu wa pwani hahitaji tafsiri, ana neno lake kamili: kupwelewa. Maji yamekupwa, jahazi limelala ubavu. Kwenye tafsiri nyingi nimeona “stranded” ikiwekewa “kukwama” tu, na mimi huona hasara. Hata “nausea”, kichefuchefu, lina ndugu yake kwetu. Limezaliwa na neno la Kigiriki la meli, na neno hilohilo la meli ndilo lililozaa neno la Kigiriki la nauli, likapitia Kiarabu mpaka kwa konda wa daladala. Unatoa nauli, kichefuchefu unapewa cha nyongeza. Kwenye mazungumzo ya kawaida, lakini, sema “I felt carsick” kama ni gari na “seasick” kama ni chombo cha majini.

Ukichelewa basi, Kiswahili kinakutetea: basi limeniacha. Wewe huna kosa, lililoondoka ni basi. Ndiyo maana tunasikia “I was left by the bus”, sentensi ya Kiswahili iliyovaa tai. Kiingereza kinakubebesha lawama mwenyewe: “I missed the bus.” Basi likiharibika, “it broke down”. Halikuwa “spoiled”, hilo ni la maziwa. Foleni nayo ina mtego, kwa sababu kwetu ni ya magari na ni ya watu benki. Ukisema ulikuwa kwenye “queue” kwa muda wa saa mbili Barabara ya Morogoro, msikilizaji anakuona umesimama juani na watu mbele yako. Ya magari ni “traffic”: “We were stuck in traffic.”

Tunapanda kila kitu kwa neno moja, Kiingereza kinachungulia ukubwa wa chombo. Unachoweza kusimama ndani yake, basi, treni, ndege, ni “get on” na “get off”. Gari dogo ni “get in” na “get out of”. Ukifika mjini ni “arrive in”, ukifika stendi au uwanja wa ndege ni “arrive at”, na “arrive to” haipo. Nyumbani hapataki kitu chochote: “I got home.” Hiyo “home” imeshabeba “-ni” yake ndani, kama nyumbani. Ng'ambo ni hivyohivyo, “go abroad”, bila “to”.

Kiingereza chetu cha huku kina maneno yake, nami si wa kuyacheka. Kenya na Uganda “stage” ni kituo cha matatu au bodaboda, na Uganda aliyerudi kutoka safari hupokewa kwa “well be back”, salamu tamu inayoeleweka vizuri Kampala. Peleka London, utaeleza kidogo.

Kisha kuna saa. Niliwahi kumkuta mgeni stendi, saa sita mchana, mkononi ana tiketi iliyoandikwa kwa kalamu “saa 12:00”. Basi lake lilikuwa limeondoka asubuhi, na wakati huo pengine limeshakula kilomita mia tatu. Unaposimulia kwa Kiingereza ongeza au toa sita, kisha useme “a.m.” au “p.m.”, na ikiwa ni saa sita yetu tumia “noon” au “midnight” uwe salama.

Kuna moja ambalo halina mwenzake, nalo ni “pole na safari”. “Sorry for the journey” itamfanya mgeni ajiulize umemfanyia nini barabarani. Wao huuliza tu: “How was your journey?” Safari njema wanayo, “Have a safe trip”, na zamani walikuwa karibu nasi zaidi. “Farewell” ni maneno mawili yaliyoungana, na “fare” hiyo ilikuwa na maana ya kusafiri kabla haijawa nauli. Safiri salama, basi, ndiyo maana yake.

Tulipomaliza chai nikampa mpwa wangu kadi upya, na dakika yake moja. Safari hii alianza hivi: “I went on a trip to Mbeya for my cousin's wedding. The journey took sixteen hours, because the bus broke down in Mikumi. We were stranded for three hours and nobody was allowed to get off.”

“Kwa nini msishuke?” nikauliza, maana mtahini naye huuliza.

“Si barabara inapita katikati ya hifadhi, Mjomba? Simba hatukuwaona. Lakini tembo walikuwa hapo kando, tunawahesabu dirishani. Sasa hiyo niiite nini?”