Je, wajua kwa nini paneli ileile ya sola ni nafuu Sydney, ghali Texas, na Limuru, Kenya, haitoshi?

Chukua paneli moja ya wati 450, kioo cheusi chenye fremu ya alumini. Karibu kila mara imetengenezwa China, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya paneli za dunia nzima hutoka huko. Mwaka 2024 bei ya kiwandani ilikuwa imeporomoka hadi kama senti 10 za dola ya Marekani kwa kila wati. Paneli nzima, basi, dola 45 hivi.

Sasa ipandishe juu ya paa. Marekani mwenye nyumba hulipa kama dola 3 kwa kila wati hadi umeme uwake, kwa hiyo mtambo wa kilowati 6 humla dola 18,000. Australia, baada ya punguzo la serikali, wati hiyohiyo hufungwa kwa karibu dola 1 ya Australia, ambayo ina thamani ndogo kuliko ya Marekani. Hata ukilirudisha punguzo hilo kwenye hesabu, Mwaustralia bado halipi nusu ya anacholipa Mmarekani.

Wengi hudhani tofauti hiyo inaletwa na jua. Sivyo. Texas na Arizona, majimbo ya Marekani, zina jua la kuchoma na bado sola ni ghali, na Ujerumani, ambako mawingu ni ya kawaida, ina mamilioni ya mitambo ya sola. Huko tangu Januari 2023 sola za nyumbani hazitozwi kodi ya ongezeko la thamani, na mpangaji wa ghorofani anaweza kununua paneli mbili, kuzitundika kwenye kibaraza na kuchomeka waya kwenye soketi ya ukutani. Hakuna fundi wa paa wala kibali cha mamlaka cha kungojea.

Marekani kinacholipiwa zaidi ni makaratasi na ushawishi. Nchi ina mamlaka zaidi ya 18,000 za miji, kaunti na majimbo, na nyingi zina fomu zake, mkaguzi wake na kanuni zake za waya. Kampuni inayofunga sola katika mji mmoja ikivuka kwenda mji wa pili inaanza upya. Kibali huchukua wiki, pengine miezi, na muda wote huo kuna watu wa ofisini wanaolipwa mishahara. Kuna pia wauzaji wanaobisha hodi nyumba hadi nyumba, ambao kamisheni yao imo ndani ya bei. Kuna ada za mkopo. Kuna ushuru wa paneli za China, uliowekwa tangu 2012. Wizara ya Nishati ya huko yenyewe imeeleza kwamba zaidi ya nusu ya gharama ya sola ya nyumbani haihusu vifaa hata kidogo. Tena nafuu ya kodi ya asilimia 30 waliyokuwa wakirudishiwa wenye nyumba imekoma mwishoni mwa 2025.

Australia waliliondoa zigo hilo. Fundi husajiliwa kwa utaratibu wa nchi nzima, maombi ya kuunganishwa na gridi ya umeme hupitia mtandaoni, na nyumba nyingi humalizwa kwa siku moja. Muuzaji naye hana kazi kubwa ya kushawishi, kwa sababu karibu nyumba moja katika kila tatu ina sola. Mtu anaangalia paa la jirani, basi.

Tuje kwetu. Afrika Mashariki ujira wa fundi uko chini, wala hakuna mwuzaji anayebisha mlangoni na mkataba wa miaka 20. Kwa nini basi sola bado inatuuma? Kwa sababu sisi tunalipia usiku.

Mmarekani au Mwaustralia wa mjini aliweza kwa miaka mingi kufunga sola bila betri. Mchana umeme wa ziada unaingia gridi, usiku anauchukua kutoka gridi, na mita inahesabu. Kenya imeanza kufungua mlango huo kwa kanuni za 2024, ila mteja anahesabiwa nusu tu ya uniti alizoingiza (uniti moja ni kilowati-saa, yaani wati 1,000 kwa saa moja). Aliye mbali na nguzo za umeme hana hata hiyo nusu. Lazima anunue betri, na betri ndiyo inayomaliza mfuko.

Tupige hesabu ya nyumba yenye friji ndogo, taa, runinga na simu za kuchaji, tuseme uniti 2 kwa siku. Lodwar, kaskazini mwa Kenya, ukijumlisha mwanga wote wa siku kana kwamba ni jua la saa sita mchana, unapata kama saa 6. Paneli ya wati 450 mara saa 6 ni uniti 2.7. Toa robo inayopotea kwenye joto, vumbi, nyaya na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani: zinabaki uniti 2. Paneli moja inatosha.

Limuru mwezi wa Julai ni habari nyingine. Ukungu hukaa hadi adhuhuri, jua linachungulia na kujificha. Siku ya wastani unapata kama saa 4, siku mbaya hata saa 2. Paneli ileile inakupa uniti 1.35, na siku mbaya chini ya moja. Unahitaji paneli mbili, na hata hizo mbili siku ya ukungu mzito hazifikishi uniti 2. Pengo hilo linazibwa na betri iliyojazwa jana.

Sasa betri yenyewe. Ya jeli, volti 12 na ampea-saa 200, imeandikwa inabeba uniti 2.4, lakini ukizoea kuikausha zaidi ya nusu inakufa mapema. Ina maana umenunua uniti 1.2. Lodwar inakuvusha usiku mmoja. Limuru unataka ya pili. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo huiruhusu nyumba kutumia uniti 2 hivi kila siku kwa miaka mingi zaidi, ingawa siku ya kununua inaumiza.

Joto nalo lina deni lake. Kila nyuzi moja ya joto la paneli juu ya 25 hupunguza umeme wake kwa asilimia 0.3 hadi 0.4, na betri za madini ya risasi, ya jeli ikiwemo, huzeeka haraka zikikaa kwenye chumba cha bati. Nauli ya kusafirisha vioo kutoka Nairobi kupita Kitale hadi Lodwar hula sehemu ya akiba uliyopewa na jua. Ukanda wa pwani, Lamu hadi Kilwa, chumvi hula vyuma vya kushikilia paneli, na paa la makuti haliwezi kuzibeba, kwa hiyo inabidi kusimamisha nguzo uani.

Kodi nayo inaweza kubadili bei kwa usiku mmoja. Kenya ilirudisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye vifaa vya sola katikati ya 2020, ikaiondoa tena mwaka uliofuata. Aliyenunua katikati ya hapo aliilipa.

Kinachonikera ni jinsi sola inavyouzwa madukani kwa idadi ya paneli: "hii ni ya paneli nne, mama, utafurahi." Paneli ndiyo kitu rahisi kuliko vyote pale, ndiyo maana huongezwa kwa ukarimu huku betri ikiachwa ndogo, na familia inakaa gizani saa nne usiku chini ya paa lililojaa vioo. Kabla hujatoa hela, mwambie fundi akuandikie kwenye karatasi: mwezi wenye mawingu mengi hapa kwetu, betri hii itanipa uniti ngapi kuanzia magharibi hadi alfajiri?