Ng'ombe wamemaliza kulima, nani atapalilia?

Msimu ukifunguka huku Usukumani, anayeonekana shambani ni maksai, dume la ng'ombe lililohasiwa kwa ajili ya kazi. Mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, mwezi wa Novemba hivi, jua halijatoka unasikia minyororo ya plau ikiburuzwa njiani na vijana wakiwafokea ng'ombe kwa majina. Wiki chache baadaye baba mwenye mji anatamba kwamba amelima eka kumi, na kweli amelima. Mimi ni bibi shamba, kazi yangu ni zana na wanyamakazi, na swali langu huwa lile lile: eka kumi hizo nani atazipalilia? Hapo wanaume hutazamana kwanza, halafu wote wanamtazama mama.

Jembe la mkono lilikuwa linajipimia lenyewe. Mji ulilima kiasi kinachowezekana kwa mikono yake, na mikono hiyo hiyo ndiyo iliyopalilia. Aliyetaka shamba kubwa aliita kundi la vijana wakamlimia kwa ngoma, majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja. Ndiyo bugobogobo, ambayo leo watu wengi wanaijua ya jukwaani tu. Plau likavuruga hesabu hiyo. Maksai wanne wazima wanageuza eka moja kwa asubuhi moja au mbili. Palizi yenyewe haikusogea: eka ya mahindi kwa jembe la mkono bado inamla mtu mmoja zaidi ya wiki, na baada ya muda mfupi inabidi airudie. Mahindi yanataka palizi ya kwanza wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota. Ukingoja yafike magotini, magugu yameshakunywa maji na kula mbolea yako. Pamba ndiyo haivumilii kabisa, maana mwanzoni inakua polepole na nyasi inaipita mara moja. Kwa hiyo Januari inapofika, mama na mabinti wameinama shambani tangu asubuhi, na maksai waliolima eka hizo wako mbugani wanakula majani mapya. Wamemaliza kazi yao, wanasema.

Kabla sijafika kwenye palizi, niseme kwanza nguvu ya ng'ombe inatoka wapi, kwa sababu wengi wanaiona kama kitu kisicho na kipimo. Ng'ombe wa kazi anaweza kuvuta kwa saa kadhaa mzigo unaolingana na asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake. Zebu wetu wa kienyeji, akiwa amekomaa na kushiba, ana kilo 250 hadi 300. Wawili wakivuta pamoja wanatoa nguvu ya kilo 50 hadi 70 hivi. Kwenye udongo wa kichanga zinatosha. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ukiwa umekauka kidogo tu, plau linadai kilo mia na zaidi, ndiyo maana huku tunafunga wanne na si wawili. Lakini wanne hawavuti mara nne ya mmoja. Kuna anayetangulia, kuna anayesubiri, kuna anayeegemea mwenzake, na mwisho unapata kama mara tatu. Kuongeza wengine wawili mbele faida yake ni ndogo kuliko kunyoosha plau lililopinda au kubadilisha ncha iliyokwisha.

Halafu kuna jambo la kalenda. Tunawataka watoe nguvu zao zote mwezi ule ule ambao wamekonda kuliko wakati wowote wa mwaka. Kiangazi kimewamaliza, na maksai aliyeshuka hadi kilo 200 anavuta kama wa kilo 200, hata umchape viboko vingapi. Wazee wa Kisukuma walilijua hili muda mrefu, wakaweka ngitili: unafunga eneo la nyasi mvua zinapoanza, hakuna mfugo unaoingia, unalifungua kiangazi kikikaza ili ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia wapate kula. Ngitili nyingi zilikufa miti ilipofyekwa kwa ajili ya pamba na kwa ajili ya kuwafukuza ndorobo, wale inzi wanaoeneza malale. Mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulizifufua kwa wingi, na nadhani haukuleta kitu kipya cha maana kuliko kuwaambia watu warudie walichokijua. Mji wenye ngitili ya eka mbili tatu unaanza kulima wiki moja kabla ya jirani. Jirani anadhani ni dawa.

Sasa palizi. Kaltiveta, lile jembe lenye miguu mitatu au mitano ya kukwangua, si zana mpya wala si ghali kupita plau. Katika maghala ya vijiji nimeyaona mengi yamelala na kutu, hayajawahi kugusa ardhi. Sababu watu hawaitafuti mahali ilipo. Palizi ya ng'ombe inaanza kukubaliwa au kukataliwa siku ya kupanda. Huku wengi hupanda nyuma ya plau: mmoja analima, mtoto anafuata akidondosha mbegu mtaroni, mtaro unaofuata unazifukia. Wengine humwaga mbegu kwanza ndipo walime. Ni haraka, naelewa, mvua haingoji mtu. Lakini mistari inapinda kama njia ya kisima, hapa sentimita 60, pale mita nzima. Hakuna maksai atakayepita hapo bila kung'oa mahindi. Kaltiveta inataka kamba, vigingi viwili, na mtu mvumilivu wa kunyoosha mstari kwa sentimita 75. Kamba inakupotezea siku moja Novemba na kukurudishia wiki Januari.

Kitu cha pili ni nira, ule mti unaowaunganisha ng'ombe wawili shingoni. Nira ya kulimia ina kama sentimita 90 kutoka shingo hadi shingo, kwa sababu ng'ombe mmoja hutembea mtaroni na mwingine juu ya ardhi isiyolimwa. Ukiitumia kupalilia, wote wawili wanatembea juu ya mazao. Nira ya palizi inatakiwa iwe ndefu: kaltiveta ipite katikati ya mistari miwili, na kila ng'ombe apite katika njia ya pembeni yake. Mistari ikiwa ya sentimita 75, basi shingo hadi shingo ni sentimita 150. Seremala yeyote wa kijijini anaichonga kwa nusu siku. Ninashangaa miradi mingapi imegawa kaltiveta bila nira hii, halafu ripoti ikaandika kwamba wakulima hawapokei teknolojia.

Na chakula cha njiani? Mzee mmoja aliniambia mbele ya mkutano, "Binti yangu, hao hawafiki mwisho wa mstari, watakuwa wameshamaliza mahindi." Alikuwa na haki. Jibu ni kikapu cha mdomo, kimesukwa kwa ukindu au kamba ya katani, kina matundu ya kupumulia. Na maksai wa palizi watumike wawili tu, wale wapole waliozoea kazi, wakiongozwa na mtu mbele kwa siku za kwanza. Kijana anayewafundisha kwa kuwapiga usoni anafundisha woga, na ng'ombe mwoga hatembei katikati ya mstari. Kazi ya kaltiveta kwa eka moja ni siku moja hivi. Magugu yaliyo katikati ya mimea ndani ya mstari hayaguswi na yanabaki kwa jembe la mkono, lakini hiyo ni sehemu ndogo ya kazi ya mwanzo.

Pamba inaniletea shida ambayo wenzangu wa utafiti hawapendi niitaje. Nafasi iliyosisitizwa miaka ya karibuni ni sentimita 60 kwa 30, ili eka ibebe mashimo 22,000 na kidogo. Kwa mavuno ni hesabu nzuri. Ila tumbo la maksai aliyeshiba halipiti kwenye njia ya sentimita 60 bila kupangusa pamba pande zote mbili. Nafasi ya zamani ya 90 kwa 40 ilimruhusu. Tunamwambia mkulima abane mistari, halafu tunamwambia apalilie kwa ng'ombe.

Ndiyo maana miaka hii namtetea punda. Ni mwembamba, kwato zake ni ndogo, na mmoja peke yake anavuta kaltiveta nyepesi katikati ya mistari. Ana jambo lingine ambalo kwangu ni kubwa: katika miji mingi ng'ombe ni mali ya baba, na mama hawezi kuwafunga bila ruhusa, lakini punda tayari yuko mikononi mwa mama, ndiye anayemletea maji na kumpeleka kwenye mashine ya kusaga. Tatizo ni kwamba tulianza kummaliza. Ngozi yake inachemshwa China kutengeneza dawa iitwayo ejiao, na kwa miaka kadhaa Shinyanga ilikuwa na machinjio ya punda. Wizi ukaongezeka na bei ikapanda. Punda hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo hakuna namna ya kuzalisha kwa kasi ya kuchinja. Tanzania ilifunga machinjio hayo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Ukimpata punda wa palizi, usimvalishe nira ya ng'ombe. Maksai anasukuma kwa nundu. Punda hana nundu, na ule mti unamchuna ngozi hadi mfupani. Nguvu yake iko kifuani. Mshonee mkanda wa kifua wenye upana wa kiganja, wa turubai au mpira wa tairi uliofunikwa nguo laini kwa ndani, kisha mkanda mwembamba wa kupita juu ya mabega ili ule wa kifua usishuke. Ukikaa juu sana unamkaba koo, nawe utasikia anakoroma. Ukikaa chini sana unamzuia kutupa miguu ya mbele. Mfunge, mtembeze bila mzigo mpaka mwisho wa mstari na kurudi, ndipo umuunganishe na kaltiveta. Jioni, ukishamfungua, pitisha mkono palipokuwa na mkanda: manyoya yaliyolala upande mmoja si neno, ila ukikuta joto au uvimbe, kesho apumzike na mkanda ushonwe upya.