Kitabu kutafutika mtandaoni si kugawiwa bure

Wiki hii tena. Mwalimu mmoja mstaafu, mtoto wa mshairi, kaja ofisini kwetu Ngamiani, Tanga, tunakopiga picha vitabu ili maneno yake yatafutike mtandaoni, na diwani (kitabu cha mashairi) ya marehemu baba yake, kaishikilia kifuani, kaniambia mbele ya watu: "Ukishaipitisha kwenye hiyo mashine yako, dunia nzima inayo." Jioni kijana wa chuo akanipigia: "Kaka, kitabu nimekiona mtandaoni lakini hakifunguki. Mbona mnatubania?" Kwa mmoja mimi mwizi, kwa mwingine mchoyo, na wote wawili wamekosea palepale. Wanadhani kitabu kikishatafutika, kimeshagawiwa.

Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, naliandika.

Kitabu tunakilaza kwenye kitanda chenye umbo la V ili mgongo wake usivunjike, tunakipiga picha ukurasa kwa ukurasa, picha zinapita kwenye programu ya kusoma herufi, maneno yanaingia kwenye faharasa, yaani orodha ya maneno na kurasa yalipo. Anayetafuta "mkonge" anaambiwa neno hilo limo katika kitabu fulani, ukurasa wa 41 na wa 87. Basi. Akitaka kusoma, akanunue, akaazime, au aje akae kitini hapa. Hakimiliki inalinda namna mwandishi alivyoyapanga maneno yake; haijawahi kulinda habari kwamba neno fulani liko ukurasa fulani.

Na hata hiyo faharasa haijileti. Vijitabu vya zamani vya mwambao vimeliwa na unyevu, pini zimeota kutu na kupenya karatasi. Programu inaona "m" inasoma "rn". Ile alama ya juu kwenye ng'ombe na ng'ambo inaidondosha au inaigeuza kinyota, na hapo msomaji anayetafuta ng'ambo haambulii kitu ingawa neno limo. Tunakaa tunasahihisha kwa macho. Anayesema tunabonyeza kitufe tu, karibu siku moja ashike kalamu.

Kesi inayotajwatajwa na kila mtu ni ya Marekani. Mwisho wa 2004 Google walitangaza mpango wa kuskani vitabu vya maktaba kubwa, zikiwemo za Harvard, Stanford, Michigan na Oxford. Mwaka 2005 chama cha waandishi, Authors Guild, kikashtaki. Mwaka 2008 wakafikia makubaliano ya dola milioni 125. Mwaka 2011 Jaji Denny Chin akayakataa. Mwaka 2013 jaji huyohuyo akaamua kwamba matumizi yale ni halali, mahakama ya rufaa ikamuunga mkono 2015, na 2016 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza.

Watu wanaishia hapo: "Google walishinda, kwa hiyo vitabu ni bure." Hapana! Someni walishinda kwa nini. Sababu moja kubwa ni kwamba mfumo ulijengwa ili kitabu kisiweze kusomwa. Anayetafuta anaonyeshwa vipande vitatu tu vya mistari michache. Neno lilelile halitoi vipande vipya kila ukilirudia. Katika kila kurasa kumi, ukurasa mmoja umezibwa kabisa, na katika kila ukurasa kuna kipande kimoja kisichoonyeshwa kamwe. Watu wa upande wa walalamikaji walihangaika kwa majuma kujaribu kuunga vipande, wakaambulia kama asilimia 16 ya maandishi, tena yametawanyika. Ndiyo maana majaji wakasema vile vipande haviwezi kushika nafasi ya kitabu, hata kama mauzo machache yatapotea. Ukiondoa vizuizi hivyo, hukumu ile haikukingi.

Tena kuna jambo moja kwenye hukumu ile ambalo kwetu Tanga lingepaswa kujulikana kuliko mengine yote. Google hawakuonyesha vipande vya kamusi, vya vitabu vya mapishi, wala vya vitabu vya mashairi mafupi, kwa sababu kipande kimoja kinaweza kumtosha mtu. Sasa fikirieni ushairi wetu. Ubeti ni mizani na vina vilivyokamilika, na mara nyingi kiini cha shairi zima kimelala kwenye ubeti mmoja, ule wenye fumbo. Ukiuonyesha huo umeonyesha nini, kipande au shairi? Mimi naona umetoa mboga yote ukabakiza mchuzi. Kwa hiyo kwa diwani natoa namba ya ukurasa peke yake. Wenzangu wananiambia nimezidisha woga. Huenda, maana utenzi wa mamia ya beti si sawa na shairi la beti sita, na mstari wa kuutenganisha huu na ule bado sijauchora vizuri.

Halafu hukumu ya Marekani haiamui kesi ya Tanga. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haina ule mlango mpana wa Wamarekani, wa kumwachia jaji apime kama matumizi ni ya haki. Ina orodha ya matumizi yanayoruhusiwa, na faharasa ya kitabu kizima haikutajwa humo kwa jina. Naamini tunachofanya ni haki. Kuamini si kinga, ndiyo maana naomba ruhusa kwa maandishi.

Sheria hiyo iliweka ulinzi wa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo. Kwa hesabu hiyo Shaaban Robert, mzaliwa wa Machui aliyefariki 1962, maneno yake yalifunguka baada ya 2012. Lakini dibaji, maelezo na michoro aliyoiongeza mchapishaji baadaye ina wenyewe na umri wake. Usiskani toleo la juzi ukadai ni la marehemu.

Mwalimu yule ana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Maandishi yote yamo ndani ya mashine, hata kama hayaonyeshwi. Mahakama iliridhika na ulinzi wa Google. Sisi tuna chumba kimoja na kompyuta mbili. Tumeamua nakala kamili zikae kwenye diski isiyounganishwa na intaneti, mtandaoni iende faharasa tu.

Karatasi tunayowapa warithi ina sehemu tatu za kuweka alama: kitafutwe tu, kitafutwe na vipande vionekane, au kisomwe chote. Chini yake kuna nafasi ya kuandika tarehe ambayo mrithi anataka kuulizwa tena. Mwalimu kaichukua akaisome na ndugu zake Pangani, diwani kaondoka nayo.