Kichocheo si kuni

"Joto ni kichocheo cha mmenyuko." Sentensi hii husemwa darasani na kuandikwa kwenye mitihani, nayo si sahihi.

Mmenyuko ni dutu kubadilika kuwa dutu nyingine, na kasi yake ni kiasi cha dutu kinachotumika au kuzalishwa kwa muda fulani. Huongezeka kwa joto, kwa ukolezi (wingi wa dutu ndani ya ujazo fulani), kwa kusaga yabisi iwe unga, na kwa shinikizo ikiwa ni gesi. Huongezeka pia kwa kichocheo, ila kichocheo ni dutu, na mmenyuko ukiisha dutu hiyo ipo kwa kiasi kilekile.

Kinachotupotosha ni neno lenyewe. Jikoni, kuchochea ni kusogeza kuni ndani ya mafiga. Moto unapanda kwa sababu kuni zinaungua na kwisha. Mchochezi wa ugomvi naye huongeza maneno. Basi tukisikia kichocheo, tunafikiria nyongeza ya nguvu. Berzelius, mkemia wa Uswidi, alipolipa jambo hili jina mwaka 1835 alichukua neno la Kigiriki lenye maana ya kulegeza, kufungua. Hapo picha inakaa vizuri zaidi: kichocheo hufungua njia nyingine yenye kizingiti cha chini cha nishati, na chembe nyingi zaidi huvuka kwa joto lilelile. Ukipasha moto, kizingiti hakishuki. Chembe ndizo zinazopata nishati ya kukivuka.

Chukua sentimita za ujazo 4 za haidrojeni peroksaidi ya nguvu ya ujazo 20, yaani kila ujazo mmoja wake ukigawanyika kuwa maji na oksijeni hutoa takriban ujazo 20 wa oksijeni; zimue kwa sentimita za ujazo 40 za maji, unganisha na sirinji ya gesi. Bila kitu kingine, utasubiri siku nyingi. Tia gramu 1 ya unga mweusi wa manganizi dioksaidi, povu linapanda papo hapo. Lakini oksijeni yote itakuwa sentimita za ujazo 80 hadi 90 tu, kwa sababu peroksaidi ni ileile. Ukiongeza unga, gesi itawahi, haitazidi.

Kisha chuja kwa karatasi uliyoipima uzito mapema, suuza, kausha kabisa, pima uone kama ile gramu 1 ingalipo. Hapa ndipo wengi huharibu: unga wenye unyevu huonekana umeongezeka, na uliobaki umeganda chupani huonekana umetumika.

Wapo pia wanaosema kichocheo "hakishiriki". Kinashiriki: hushikana na chembe, kisha huachia na kurudi kilivyokuwa. Chuma kinachotumika kutengeneza amonia hushika naitrojeni usoni pake, huidhoofisha, halafu huiachia ikiwa amonia. Kichocheo pia huharakisha mmenyuko wa kwenda na wa kurudi kwa kiwango kimoja, hivyo mizania, yaani hali ambapo kasi ya kwenda na ya kurudi zinalingana, inafikiwa mapema bila kuhama.

Kwa hiyo andika "joto huongeza kasi ya mmenyuko", na neno kichocheo uliwekee ile gramu 1 iliyobaki kwenye karatasi ya kuchujia.