Nani Hasa Aliyemtunga Silver Surfer?

Mabishano mengi ya mashabiki wa hadithi za picha za mashujaa, hasa zile zilizochapishwa na kampuni ya Marvel katika miaka ya 1960, huishia kwenye swali moja: aliyewatunga wahusika hawa, akiwamo Silver Surfer, ni mwandishi Stan Lee au mchoraji Jack Kirby, na kwa upande wa Spider-Man, ni Lee au mchoraji Steve Ditko? Kwa kuwa kazi yangu ni kuchora na kufundisha uchoraji wa hadithi za aina hii, naona kwamba pande zote mbili huanza kubishana kabla ya kuafikiana juu ya jambo la msingi, yaani namna kazi yenyewe ilivyofanyika. Ukishaifahamu njia hiyo, utaona kwamba neno "mwandishi" linaloandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kila toleo halielezi hata nusu ya yaliyotendeka.

Kwa njia iliyozoeleka, ambayo ndiyo iliyofuatwa na kampuni ya DC wakati huo, mwandishi huandaa muswada kamili unaoeleza fremu moja baada ya nyingine: nani amesimama wapi, kinatokea nini, na maneno gani yatasomeka. Mfano uliokithiri ni wa baadaye kidogo. Alan Moore alipoandika Watchmen, muswada wa toleo la kwanza pekee, lililotoka mwaka 1986, ulifika kurasa 101 zilizopigwa taipu, na ilimbidi mchoraji wake, Dave Gibbons, auchambue kwanza ndipo ashike penseli. Hapo hakuna ubishi mkubwa juu ya nani aliandika.

Marvel mambo yalikuwa kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lee alikuwa mhariri na wakati huohuo mwandishi wa sehemu kubwa ya matoleo ya mashujaa, na asingeweza kumwandalia kila mchoraji muswada kamili bila wengine kukaa bure wakimsubiri. Kwa hiyo alizoea kutoa kisa kwa muhtasari, pengine kwa mazungumzo tu. Mchoraji alikwenda nyumbani, akakigawa kisa hicho katika kurasa 20 hivi, akaamua tukio lipi lipewe ukurasa mzima na lipi libanwe katika kifremu cha pembeni, akabuni maadui wadogo, mitambo, majengo na mara nyingi hata mwisho wa kisa. Kurasa zilirudi ofisini zikiwa zimekwisha kuchorwa kwa penseli, na hapo ndipo Lee alipoandika maneno ya kwenye viputo. Ni kama mshairi wa taarab anayepewa muziki uliokwisha kupangwa mwanzo hadi mwisho, akaombwa atie beti zake humo. Kirby alikuwa na desturi ya kuandika maelezo pembezoni mwa kurasa ili Lee aelewe kila fremu inahusu nini, na kwenye kurasa za asili zilizosalia maandishi hayo bado yanaonekana. Anayetaka kubishana kwa ushahidi na aanzie hapo.

Kwa Ditko hali ilifika mbali zaidi. Kuanzia toleo la 25 la The Amazing Spider-Man, la mwaka 1965, alianza kutajwa waziwazi kuwa ndiye mtunzi wa kisa pamoja na kuwa mchoraji, na katika kipindi hicho yeye na Lee walikuwa karibu hawazungumzi. Chukua toleo la 33, la Februari 1966, ambalo mashabiki hawachoki kulitaja. Spider-Man amebanwa chini ya mtambo mzito katika maficho ya adui yake Doctor Octopus, maji yanavuja kutoka juu, na dawa ya kumwokoa shangazi yake iko sakafuni mbele yake, mahali ambapo mkono haufiki. Ditko anautumia mkwamo huo kwa kurasa kadhaa. Anaanza na fremu nyembamba zinazombana kijana huyo kama anavyobanwa na chuma, anatuonyesha mgongo, vidole, kichwa kilichoinama, kisha nafasi inazidi kufunguka kadiri mtambo unavyoinuka, hadi anapousukuma juu katika mchoro mmoja unaojaza ukurasa mzima. Ukiyafunika maneno yote kwa kiganja, hadithi haipungui kitu. Maneno ya Lee pale ni mazuri, lakini yanafuata mwendo uliokwisha kupangwa na mtu mwingine, na mimi siwezi kuuita mwendo huo kitu kingine ila uandishi.

Mfano unaonisisimua zaidi, hata hivyo, ni wa Silver Surfer, kwa sababu humo tunaweza kuwaona watunzi wawili wakivutana ndani ya mhusika mmoja. Katika toleo la 48 la Fantastic Four, mfululizo wa kundi la mashujaa wanne, la Machi 1966, kisa kilichokubaliwa kilimhusu Galactus, kiumbe anayezila sayari. Kurasa zilipomfikia Lee, aliona humo mtu wa rangi ya fedha anayepasua anga juu ya ubao wa kutelezea mawimbi, mtu ambaye hawakuwahi kumzungumzia. Kirby alimweleza kwamba mwenye nguvu kiasi kile lazima awe na mjumbe wa kumtangulia. Lee mwenyewe alikisimulia kisa hiki mara nyingi katika maisha yake, na hakuwahi kudai kwamba wazo lilikuwa lake.

Sasa tazama kinachofuata katika toleo la 49. Surfer anaangukia nyumbani kwa Alicia Masters, mchonga sanamu asiyeona, ambaye kwa ukarimu anamwandalia chakula. Mgeni haelewi kula ni nini. Anakigeuza chakula kuwa nishati moja kwa moja. Huyo ni kiumbe ambaye hajawahi kuwa mwanadamu wala kitu kinachofanana na mwanadamu, na ndivyo Kirby alivyomkusudia: aliyeumbwa na Galactus kutokana na nishati tupu, anayejifunza utu kwa mara ya kwanza akiwa duniani. Lakini mwaka 1968 Lee alipompa Surfer mfululizo wake mwenyewe, alimkabidhi mchoraji John Buscema na kumtungia asili nyingine kabisa. Sasa Surfer alikuwa Norrin Radd wa sayari ya Zenn-La, mwanamume mwenye mpenzi, aliyejitoa kumtumikia Galactus ili sayari yake isiliwe. Asili hiyo inagusa moyo, na Buscema aliichora kwa ustadi mkubwa, ila haipatani na sahani ya Alicia. Mtu aliyekulia Zenn-La angejua mlo ni nini. Waliokuja baadaye wamejitahidi kuuziba ufa huo kwa maelezo kwamba Galactus aliifunika kumbukumbu yake, jambo ambalo kwangu linathibitisha tu kwamba ufa ulikuwapo. Mfululizo ule ulikoma mwaka 1970 baada ya matoleo 18, na la mwisho, ajabu, lilichorwa na Kirby, katika mwaka huohuo alioiacha Marvel na kuhamia DC.

Nisieleweke kuwa namdharau Lee. Wahusika wa zama zile walitofautishwa na sauti zao, na sauti hizo zilikuwa kazi yake: kejeli za Spider-Man katikati ya mapigano, maringo ya Namor, mfalme wa chini ya bahari, lugha ya mtaani ya Ben Grimm, mmoja wa wale wanne wa Fantastic Four, ingawa mtaa wenyewe, Yancy Street, unafanana mno na ule wa Lower East Side, New York, alikokulia Kirby. Kirby alipoanza kujiandikia maneno mwenyewe huko DC, katika New Gods ya mwaka 1971, mawazo yalikuwa makubwa kuliko yote aliyowahi kuyatoa, lakini wahusika wake wengi walizungumza kama wanaohutubia mkutano wa hadhara. Ninayapenda matoleo hayo, na bado kila ninapoyasoma nakumbuka Lee alikuwa anaongeza nini.

Kilichoyapa mabishano haya uchungu ni fedha. Mchoraji alilipwa kwa kila ukurasa aliouchora, na kubuni kisa hakukuwa na malipo yake, wakati Lee alilipwa akiwa mhariri na vilevile akiwa mwandishi. Mchoraji Wally Wood, aliyembunia shujaa Daredevil vazi jekundu katika toleo la 7 la mfululizo wake, alilalamikia utaratibu huo na hakudumu. Warithi wa Kirby walidai haki za wahusika mahakamani, na mahakama za chini zikaamua kwamba kazi zile zilikuwa za kuajiriwa, hivyo ni mali ya kampuni. Septemba 2014, siku chache kabla ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua kama italisikiliza shauri hilo, pande mbili zilipatana kwa masharti ambayo hayakutangazwa. Tangu hapo jina la Kirby limekuwa likichapishwa katika matoleo ya Fantastic Four kando ya lile la Lee, wote wawili wakitajwa kuwa watunzi, bila kusemwa nani alifanya nini.